Jim Henson: Mwanafunzi aliyekata koti la mamake akaunda chura aliyetamba duniani

Mwanafunzi wa sanaa za maonyesho anayetoka Garissa, Wajir au Mandera, na ambaye ameazimia kuelekeza mchezo wa vikaragosi, hukabiliwa na maswali mawili kabla hajashika mkasi wala sindano.

Swali la kwanza ni la vifaa. Atatoa wapi jukwaa, taa na vikaragosi vyenye viungo vinavyosogea, ilhali ukumbi wa maigizo ni kitu adimu katika eneo zima la Kaskazini Mashariki? Swali la pili huuma zaidi, kwani huulizwa na jamaa na majirani. Mtu mzima, tena msomi wa chuo kikuu, anawezaje kupoteza miaka yake akichezea wanasesere?

Maswali hayo hayo yalimsumbua kijana mmoja wa Marekani katika miaka ya 1950. Jina lake kamili lilikuwa James Maury Henson, ingawa walimwengu walimfahamu kwa jina la Jim Henson. Alipoaga dunia mnamo 1990, hapakuwa na msanii wa vikaragosi aliyejulikana kumshinda. Hata hivyo, kuna wakati alikuwa karibu kuiacha kazi hiyo kabisa.

Henson alizaliwa Septemba 24, 1936 mjini Greenville, jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Babake alikuwa mtaalamu wa kilimo aliyeajiriwa na serikali kuu. Mtoto huyo alikulia katika mji mdogo wa Leland, kando ya kijito kiitwacho Deer Creek, akicheza na wenzake kwenye matope na majani palipojaa vyura na kasa. Baadaye kazi ya baba iliihamisha familia hadi Maryland, karibu na jiji kuu la Washington.

Nyanyake mzaa mama alikuwa mchoraji na mshonaji hodari. Ndiye aliyemfunza mjukuu wake kwamba kipande cha nguo kilichotupwa hakijafa, mradi kuna mkono wa kukishika na jicho la kukiona upya. Funzo hilo lilimkaa kijana huyo moyoni hadi mwisho wa uhai wake.

Jambo jingine lililomlea lilikuwa redio. Siku hizo Wamarekani walimsikiliza Edgar Bergen, msanii aliyezungumza kwa sauti mbili, yake na ya mwanasesere wake Charlie McCarthy. Ajabu ni kwamba redioni hapakuwa na aliyemwona mwanasesere huyo, na bado wasikilizaji walimwamini kuwa ni mtu kamili. Wakazi wa Kaskazini Mashariki, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakizunguka redio moja jioni kusikiliza habari na mashairi, wataelewa upesi siri hiyo. Sauti ikiwa na uhai, sikio humuumba msemaji.

Runinga ilipoanza kuenea, Henson aliwasihi wazazi wake hadi wakanunua moja. Tangu siku hiyo alijua anachotaka. Hakutaka vikaragosi, bali alitaka kufanya kazi katika runinga, kwa njia yoyote ile.

Njia hiyo ilifunguka mwaka wa 1954 alipokuwa akimaliza shule ya upili. Kituo kimoja cha runinga cha Washington kilitangaza kwamba kinatafuta vijana wanaoweza kuchezesha vikaragosi. Henson hakuwa bingwa wa fani hiyo. Alikwenda maktaba, akaazima vitabu vinavyoeleza jinsi vikaragosi vinavyoundwa, akajishonea vyake akisaidiana na rafiki, kisha akajitokeza kuomba kazi. Akachukuliwa. Kipindi hicho kilivunjika baada ya majuma machache tu, lakini kituo cha pili, WRC, kilikuwa tayari kumpokea.

Mwaka uo huo alijiunga na Chuo Kikuu cha Maryland. Humo alijiandikisha katika somo la kuunda vikaragosi, na darasani akakutana na mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aliyeitwa Jane Nebel. Mnamo Mei 1955 wawili hao walianza kipindi chao cha Sam and Friends, chenye urefu wa dakika tano tu. Henson alikuwa na umri wa miaka 18, nacho kipindi kikaendelea hadi 1961.

Ni katika siku hizo za mwanzo ambapo alilichukua koti kuukuu la mamake, lenye rangi ya kijani kilichopauka, akalikata. Kisha akapasua mpira wa tenisi ya meza katikati, akapata macho mawili. Hivyo ndivyo alivyozaliwa Kermit. Mwanzoni hakuwa chura. Alikuwa kiumbe kisicho na jina la jamii, kilichoshabihiana na mjusi, na ni baada ya miaka mingi tu ndipo alipovikwa miguu na ukosi wa chura.

Inafaa tutulie kidogo hapa, kwa sababu ufundi aliouzua Henson chuoni ndio unaoweza kumfaa mwanafunzi wa leo kuliko umaarufu wake wote wa baadaye.

Kabla yake, wasanii wengi walioingia katika runinga waliingia na kibanda chao kile kile cha viwanjani. Kamera iliwekwa mbele ya kibanda, na mtazamaji nyumbani akaona jukwaa dogo ndani ya kisanduku. Henson alitambua kwamba kisanduku chenyewe ni jukwaa tosha. Akaondoa kibanda, akawaficha wachezaji chini ya upeo wa kamera, na wahusika wake wakawa huru kusogea, kukaribia na kutoweka.

Pili, aliacha vichwa vya mbao ambavyo sura yake haibadiliki. Alitumia sponji na kitambaa laini, ili vidole vya mchezaji vikikunjika ndani, uso wa kikaragosi uonyeshe huzuni, hasira au mshangao. Alisisitiza kwamba mdomo usifunguke ovyo, bali ufuate kila silabi inayotamkwa.

Tatu, aliweka runinga ndogo sakafuni, mahali ambapo wachezaji walitazama kile kile kilichoonwa na hadhira. Mkono mmoja uliingia kichwani mwa kikaragosi, mwingine ukashika vijiti vya kuongozea mikono yake, na macho hayakutoka kwenye kioo. Kwa njia hiyo mchezaji alikuwa mwigizaji na mtazamaji kwa wakati mmoja. Aliliona kosa lake papo hapo, akalirekebisha.

Nne, alielewa kwamba uhai wa kikaragosi umo katika kutazama. Kikimgeukia anayezungumza, hadhira huamini kinasikia. Kikiinamisha kichwa, hadhira huamini kinafikiri. Hili halihitaji fedha, bali linahitaji mazoezi ya saa nyingi mbele ya kioo.

Pamoja na mafanikio hayo, kijana huyo hakuwa na utulivu. Mnamo 1956 kakake wa pekee, Paul, alifariki katika ajali ya gari. Msiba huo ulimwachia Henson hisia kwamba siku za binadamu ni chache na kazi ni nyingi. Wakati huo huo alianza kujiuliza iwapo alikuwa akizitumia siku zake vyema. Vikaragosi vilimlipia karo na kumpa jina mjini Washington, lakini machoni pa wengi, na machoni pake mwenyewe, havikuwa kazi ya mtu mzima. Alifikiria kuviacha ili awe mchoraji.

Tembea uone, walisema wahenga. Katika majira ya joto ya 1958 Henson aliwaachia wenzake kipindi, akasafiri kwenda Ulaya. Alikusudia kutazama michoro na kupumzisha akili. Alichokikuta kikawa kingine. Katika miji aliyoizuru aliona kumbi zilizojengwa mahususi kwa vikaragosi. Aliwakuta mafundi waliorithi kazi hiyo kwa wazazi wao na kuitendea kwa heshima ile ile anayopewa mchonga sanamu au mpiga fidla. Hadhira ilikuwa ya watu wazima, na ilicheka na kulia bila haya.

Safari hiyo ilimgeuza. Alirudi Marekani akiwa ameamua kwamba kilichokuwa kidogo si sanaa yenyewe, bali macho ya waliokuwa wakiitazama. Mwaka wa 1959 alimwoa Jane, na wakajaaliwa watoto watano. Mnamo 1960 alihitimu shahada yake, si katika maigizo, bali katika sayansi kimu, kitivo kilichofundisha ushonaji na ufundi wa nyumbani. Alikwenda kwenye mahafali akiendesha gari la Rolls-Royce alilolinunua likiwa limekwisha kutumika, kwa fedha zilizotokana na vikaragosi.

Laiti safari ile ingemfikisha Cairo na Istanbul, angalikuta ushahidi mkongwe zaidi. Katika karne ya 13, Ibn Daniyal, tabibu wa macho aliyehama Mosul na kuishi Cairo, alitunga michezo ya vivuli ambayo maandishi yake yangalipo. Nchini Uturuki, vikaragosi vya ngozi vya Karagöz vilichezwa nyuma ya pazia katika usiku wa mwezi wa Ramadhani, watu wakitoka kufuturu. Jina hilo la Karagöz ndilo linalohusishwa na neno letu la Kiswahili, kikaragosi. Kwa hivyo, anayedhani kwamba sanaa hii ni ugeni usio na nasaba katika jamii za Kiislamu atakuwa ameusahau urithi mkubwa.

Mwaka wa 1963 familia ya Henson ilihamia New York. Alikwisha kumpata mwandishi Jerry Juhl, na sasa akajiunga naye kijana Frank Oz, ambaye angekuwa mwandani wake wa kisanaa kwa maisha yote. Walitengeneza matangazo ya biashara, wakazunguka katika vipindi vya watu wengine, na filamu yake fupi ya Time Piece ya 1965 iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar.

Mlango mkubwa ulifunguka Novemba 10, 1969, siku kipindi cha Sesame Street kilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza. Joan Ganz Cooney na wenzake walitaka kuitumia runinga kuwafunza herufi na hesabu watoto wasiopata shule za chekechea, hasa wa familia maskini. Henson alisita kidogo. Alihofu kwamba akishaingia huko ataitwa msanii wa watoto maisha yake yote. Hatimaye alikubali, kwa kuwa aliona kazi yenyewe ni njema.

Kabla ya kipindi kuanza, palitokea jambo lenye mafunzo kwa mwelekezi yeyote. Wataalamu wa saikolojia walikuwa wameshauri kwamba vikaragosi visichanganywe na watu halisi, wasije watoto wakakanganyikiwa. Vipindi vya majaribio vilipoonyeshwa kwa watoto, ilibainika kwamba walikaza macho vikaragosi vilipotokea, na wakaanza kutazama kando watu walipobaki peke yao mtaani. Ushauri ule ukatupwa. Henson na mafundi wake wakamuunda Big Bird, ndege wa manjano mwenye urefu wa zaidi ya futi nane, pamoja na Oscar anayeishi katika pipa la taka, wakawapeleka mtaani kuishi na majirani. Hadhira ndiyo iliyosahihisha mchezo.

Mbegu hiyo ilifika Afrika. Nchini Afrika Kusini, kipindi cha Takalani Sesame kilichoanza mwaka wa 2000 kilimleta mnamo 2002 mhusika Kami, msichana yatima anayeishi na virusi vya ukimwi, wakati ambapo watu wazima wengi hawakuthubutu kulitaja gonjwa hilo. Tanzania nayo ikapata Kilimani Sesame, iliyowafunza watoto kuhusu malaria. Hapa Kenya, kundi la Community Health Awareness Puppeteers, maarufu kama CHAPS, lilikuwa tayari limevipeleka vikaragosi sokoni na viwanjani katika miaka ya 1990 kuzungumzia afya na ukimwi. Mwaka wa 2009 kikatokea kipindi cha XYZ Show, ambacho kiliwacheka wanasiasa kwa kutumia vikaragosi vya mpira.

Sababu ya mafanikio hayo haikufichika. Kikaragosi hakina ukoo, hakina kabila, wala hakina aibu. Hutamka lile ambalo mzee wa kijiji angelikwepa, na msikilizaji hucheka kwanza, kisha hufikiri.

Lakini hofu ya Henson ilitimia. Alipotaka kufanya kipindi cha jioni kwa familia nzima, mashirika makuu ya runinga nchini mwake yalimkatalia. Wahenga husema mcheza kwao hutunzwa, ila yeye alitunzwa ugenini. Lew Grade, tajiri wa runinga wa Uingereza, alimpa studio huko Elstree, karibu na London. The Muppet Show ilianza 1976 na kumalizika 1981 baada ya vipindi 120, ikionyeshwa katika nchi zaidi ya 100. Kermit, ambaye Henson mwenyewe alimpa sauti, alikuwa mkuu wa ukumbi mkongwe wa maonyesho, akihangaika usiku kucha ili pazia lifunguke kwa wakati. Kila aliyewahi kuongoza kundi la maigizo la shule katika tamasha zetu za drama atajiona katika chura huyo.

Kuhusu bidii yake, mfano mmoja unatosha. Katika filamu ya The Muppet Movie ya 1979, Kermit anaonekana ameketi juu ya gogo katikati ya kinamasi, akipiga banjo. Chini ya maji yale, Henson alikuwa amejikunyata ndani ya pipa la chuma kwa saa kadhaa, mkono mmoja ukipenya juu, ili mtazamaji asione kingine ila chura na gogo lake.

Mwaka wa 1983 alianzisha Fraggle Rock, na lengo alilowapa waandishi wake halikuwa dogo: kipindi kisaidie kukomesha vita duniani. Ndani yake mna jamii tatu za viumbe wanaotofautiana kwa umbo na desturi. Kila jamii huwadharau wengine, na hakuna inayojua kwamba uhai wake unategemea wale inaowadharau. Katika eneo ambako koo zimewahi kupigania visima na malisho, na ambako Dekha Ibrahim Abdi wa Wajir alipata tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood mnamo 2007 kwa kazi ya upatanishi, hadithi ya namna hiyo haihitaji kufasiriwa sana. Huo ni mchezo unaongojea mwelekezi wa hapa nyumbani.

Si kila alichogusa Henson kilistawi. Filamu ya The Dark Crystal ya 1982, ambayo haina uso wa binadamu hata mmoja, iliwatatiza watazamaji wengi. Labyrinth ya 1986 iligharimu takriban dola milioni 25, ikapata karibu nusu ya hizo tu nchini Marekani. Pigo hilo lilimvunja moyo. Mwaka uo huo yeye na Jane walitengana, na haifichiki kwamba kazi isiyokuwa na likizo ilikuwa imeila ndoa hiyo. Filamu hizo mbili zimepata mashabiki wengi baadaye, ila mwenyewe hakuyashuhudia yote hayo.

Mapema mwezi wa Mei 1990 alianza kulalamikia koo. Hakulichukulia kwa uzito. Aliendelea na safari, akamzuru babake North Carolina, akarudi New York akiwa mnyonge. Hakutaka kumsumbua mtu yeyote. Alfajiri ya Mei 15, akipumua kwa shida, alikubali kupelekwa hospitalini. Bakteria wa aina ya streptococcus walikuwa wamekwisha kuenea mwilini, na viungo vikaanza kufeli kimoja baada ya kingine. Saa zipatazo 20 baadaye, usiku wa kuamkia Mei 16, alikata roho. Alikuwa na umri wa miaka 53.

Mficha maradhi kilio humfichua. Ugonjwa uliomuua hutibika kwa viuavijasumu vya kawaida ukiwahiwa mapema. Katika kaunti ambazo mgonjwa husafiri mwendo mrefu kufikia zahanati, inahuzunisha kutafakari kwamba mtu aliyeishi katikati ya hospitali kubwa za New York alikufa kwa sababu ya kuahirisha.

Katika wasia wake alikuwa ameomba kwamba mazishini pasivaliwe nguo nyeusi na bendi ipige muziki wa furaha. Ibada ilifanyika katika kanisa kuu la St. John the Divine mjini New York. Waombolezaji walipewa vipepeo vya sponji vilivyofungwa kwenye vijiti, wakavipeperusha vyote pamoja, na kwa muda huo mfupi kila mmoja akawa mchezaji wa kikaragosi.

Wakfu aliouanzisha mnamo 1982 umeendelea kuwasaidia wasanii wa vikaragosi, na kampuni ya Disney iliwanunua Kermit na wenzake mwaka wa 2004. Hata hivyo, urithi unaomhusu mwanafunzi wa Kaskazini Mashariki hauko katika makampuni.

Uko katika lile koti. Mtoto wa mfugaji anayepanga vijiwe mchangani na kuviita ngamia, akavipeleka kisimani na kuvirudisha boma, tayari amekwisha kuifanya nusu ya kazi ya Henson. Mwanafunzi wa maigizo ana leso kuukuu, soksi, vipande vya godoro na mitungi ya plastiki iliyotoboka. Ana simu inayoweza kutumika kama kile kioo cha sakafuni. Ana lugha yenye mashairi, na hadhira ambayo imezoea kusikiliza kwa makini.

Kinachobaki ni lile swali la pili, la iwapo kazi hii inamfaa mtu mzima. Henson alilazimika kuvuka bahari ili apate jibu. Anayesoma habari zake leo kando ya mto Tana hana haja ya safari hiyo. Anaweza kuanza kushona jioni hii.